Njiwa Wasio na Pa Kutua

Kuna sentensi moja katika maandishi ya muziki ambayo kila nikikutana nayo hukiweka kikombe chini: "Bendi hii ilitangulia wakati wake." Ni sentensi ya matanga. Hupewa kila kundi lililopiga vizuri likafa maskini, na kazi yake kubwa ni kuwaondolea lawama waliokuwapo. Nani atamlaumu mnunuzi kwa kuliacha embe bichi sokoni?

Wanaobandikwa sentensi hiyo mara nyingi ni Cymande, bendi ya vijana wenye asili ya Karibi iliyoundwa London mwaka 1971, ikatoa albamu tatu kati ya 1972 na 1974, kisha ikanyamaza. Kwa miaka hamsini tumeambiwa kwamba masikio ya dunia hayakuwa tayari kwa soul na funk yao. Nabisha. Mwaka 1973 singo yao "The Message" ilifika namba 48 katika chati ya jumla ya Marekani, na namba 20 katika chati ya muziki wa Wamarekani weusi. Albamu iliyoibeba ikapanda hadi namba 85. Hii ni bendi ngeni, isiyo na sura maarufu mbele, inayopiga mtindo ambao hata wauzaji hawakujua wauweke rafu gani, ikishindana na Stevie Wonder na Marvin Gaye katika miaka yao bora. Anayetangulia wakati wake hapati namba hizo. Cymande walifika saa ileile waliyotakiwa. Taabu yao ilikuwa anwani.

Twende kwanza Balham, kusini mwa London. Patrick Patterson, mpiga gitaa, na Steve Scipio, mpiga besi, wote wawili walizaliwa Guyana wakaletwa Uingereza wakiwa wadogo, wakakua majirani. Wenzao walitoka Jamaica na Saint Vincent. Ni watoto wa kizazi kinachoitwa Windrush, kwa jina la meli iliyotia nanga Tilbury Juni 1948 ikiwa na mamia ya abiria kutoka Karibi. Wazazi wa kizazi hicho waliendesha mabasi, wakauguza wagonjwa, wakafagia vituo vya reli. Watoto wao walikuta nchi inayotaka jasho la wazazi lakini haijaamua kama inawataka wao.

Patterson na Scipio walijifundisha muziki wenyewe. Walipita katika kundi la Ginger Johnson, mpiga ngoma wa Kinigeria ambaye kikosi chake kilipanda jukwaani na Rolling Stones katika bustani ya Hyde Park mwaka 1969. Baadaye wakawa na bendi ndogo ya jazz iliyoitwa Meta. Mapito haya si ya kurukwa. Watu huisikiliza Cymande wakadhani ni vijana wa Karibi waliomwiga James Brown kisha wakanyunyiza reggae juu. Ukweli ni kwamba kabla ya kupiga noti moja ya funk walikwisha kukaa nyuma ya ngoma za Kiyoruba na kukuna vichwa juu ya jazz.

Inasimuliwa kwamba mtayarishaji John Schroeder alikwenda Soho kusikiliza mazoezi ya bendi ya rock. Ile bendi ya rock hakuna anayeikumbuka. Kilichomnasa kilikuwa kinatoka chumba cha chini, na waliokuwamo ni Cymande. Schroeder hakuwa mtu wa kubahatisha: alishiriki kutunga "Walkin' Back to Happiness", iliyompeleka Helen Shapiro namba moja Uingereza mwaka 1961, na ndiye aliyewatayarishia Status Quo wimbo wao wa kwanza kuvuma. Alikuwa mtu wa pop hasa. Sifa yake kwa Cymande, na ninaihesabu kuwa kubwa, ni kwamba aliwarekodi bila kuwapunguza. Wimbo "Dove" unakaribia dakika 11. Mtayarishaji mwingine wa pop angeukata ubaki dakika tatu na nusu, kisha angeuliza kiitikio kiko wapi.

Njiwa ndiye jina lao. Kwa maelezo yao wenyewe, Cymande ni neno la kalipso lenye maana ya njiwa, alama ya amani na upendo. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya pwani anamjua njiwa kwa kazi nyingine: ndiye tarishi, hufungwa barua mguuni, hutumwa kwa mpenzi aliye mbali. Kwa hiyo bendi yenye jina la njiwa na wimbo uitwao ujumbe haitushangazi hata kidogo. Swali la tarishi siku zote ni moja: barua ikifika, kuna mtu mlangoni?

Muziki wenyewe waliupa jina: nyah-rock. Kwetu hili ni jambo la kawaida, kwani bendi ya dansi ya Dar es Salaam iliyojiheshimu haikukosa mtindo wenye jina. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Juwata walikuwa na Msondo, na shabiki aliweza kugombana na shemejiye kwa sababu hiyo. London ya 1971 haikuwa na desturi hiyo. Bendi iliitwa soul au rock au reggae, na duka lilipanga santuri kwa majina hayo. Kujiita nyah-rock kulikuwa kukataa rafu zote tatu kwa mkupuo mmoja.

Hilo neno "nyah" lina safari inayotuhusu, naomba niifuate kidogo hata kama linanitoa barabarani. Katika mapokeo ya Rastafari, nyah ni kifupi cha Nyabinghi, jina la mikesha yao na la ngoma zinazopigwa humo. Na Nyabinghi ni jina lililotoka huku kwetu, kwenye milima ya mpaka wa Uganda na Rwanda, Ndorwa na Kigezi, ambako Nyabingi ni mzimu wa kike ulioheshimiwa na kuogopwa. Mmoja wa waliobeba uwezo wake alikuwa Muhumuza, mwanamke anayesemwa kuwa mke wa Kigeri IV Rwabugiri, mfalme wa Rwanda. Wajerumani walimfunga Bukoba. Alipotoka akaanza upya, na mwaka 1911 Waingereza wakamkamata, wakamweka kizuizini Kampala hadi alipofariki mwaka 1945.

Jina lilivukaje bahari? Kwa njia ya kejeli kabisa. Desemba 1935, Italia ikiwa imeivamia Ethiopia, gazeti la Jamaica Times lilichapisha makala iliyodai kuwa kuna chama cha siri cha watu weusi kiitwacho Nya-Binghi, mkuu wake ni Haile Selassie, kimeapa kuwaangamiza wazungu. Ilikuwa propaganda ya kuwatia Wazungu hofu. Maskini wa Kingston waliisoma kinyume: kumbe tuna jeshi! Wakalichukua jina, likabaki. Ngoma zenyewe hazikutoka Kigezi. Mizizi yake ni burru na kumina, ngoma za Jamaica ambazo mojawapo, kumina, ina damu ya Kongo. Ni ngoma tatu. Kubwa hugonga taratibu kama radi ya mbali. Ya kati, fundeh, hushika pigo la moyo bila kuchoka. Ndogo, iitwayo repeater, ndiyo inayosema, ikicheza huku na huku juu ya zile mbili.

Sasa rudi kwa Cymande ukiwa na ngoma hizo tatu kichwani, utaona jinsi bendi ilivyojengwa. Pablo Gonsales yuko kwenye tumba, Sam Kelly kwenye drams, na gitaa la Patterson mara nyingi linashika kazi ya fundeh: pigo fupi, kavu, lisilobadilika. Kazi ya repeater, ile ya kusema, amepewa mtu ambaye kwa desturi hapewi. Amepewa Scipio na besi yake.

Funk ya James Brown ilijengwa juu ya pigo la kwanza la kila mzunguko. Bendi nzima inalitua kwa pamoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Scipio hatwangi. Anaingia kwa kuchelewa, anaacha shimo, anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Katika "Bra" mstari wa besi ndio utakaokwenda nao nyumbani ukiuimba kwa mdomo, ilhali mashairi umekwisha kuyasahau. Katikati ya wimbo huo saksafoni hunyamaza, sauti hunyamaza, inabaki besi na ngoma peke yake. Mtu aliyezoea dansi au muziki wa Kongo hahitaji kufafanuliwa. Hapo ndipo mwimbaji anarudi nyuma hatua mbili, na walioketi wanainuka. Tofauti ni kwamba katika sebene, sehemu hiyo ya muziki wa Kongo, gitaa huzidi kujaa, na Cymande wanafanya kinyume: wanapunguza. Wanakuachia nafasi uijaze kwa mwili wako.

Waliizunguka Marekani mwaka huo wa 1973. Kampuni ya Janus ndiyo iliyowauza huko, na wakapelekwa ziarani pamoja na Al Green, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshika namba moja kwa "Let's Stay Together". Hakuna jukwaa gumu kuliko kumtangulia Al Green mbele ya mashabiki wake. Walikuja kumlilia mtu mmoja tu. Cymande walisimama. Walipiga pia Apollo, ukumbi wa Harlem unaojulikana kwa kuwazomea wageni bila huruma, na wanatajwa kuwa bendi ya kwanza ya weusi kutoka Uingereza kuongoza onyesho pale.

Kisha wakapanda ndege kurudi nyumbani, na nyumbani hakukuwa na kitu.

Hapa ndipo sentensi ya matanga inapofanya uharibifu wake, kwa kuwa inatuzuia kuuliza swali la kifundi: santuri ilimfikiaje msikilizaji katika nchi hizo mbili? Marekani ilikuwa na utengano wa rangi, nao uliacha, pasipo kukusudia, miundombinu. WDIA ya Memphis ilikuwa ikiwatangazia weusi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kufikia 1973 kila jiji kubwa lilikuwa na redio ya namna hiyo, na chati yake, na kumbi zake, na weusi walikuwa na magazeti yao kama Ebony na Jet. Ukifungiwa mlango wa mbele, kulikuwa na mlango wa uani, na huko uani kulikuwa na watu mamilioni. Santuri ilianza kwao, ikajipatia namba, ndipo ikavuka. "The Message" ilipita njia hiyohiyo.

Uingereza ilikuwa na mlango mmoja. Redio halali ya pop kwa nchi nzima ilikuwa Radio 1 ya BBC, iliyozaliwa Septemba 1967. Redio za biashara za London, Capital ikiwamo, zilianza Oktoba 1973, zikiwa nazo zinatafuta umati wa wote. Televisheni ilikuwa na Top of the Pops. Chati ilikuwa moja. Watu kadhaa ndani ya jengo moja wakisema "hii si yetu", hapakuwa na uani wa kuzungukia. Si lazima wawe na chuki. Yatosha wasijue waipige baada ya wimbo gani.

Hali ya kisiasa haikusaidia. Mwanasiasa Enoch Powell alikwisha kutoa ile hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji mwaka 1968. Sheria ya uhamiaji ya 1971 ilianza kutumika Januari 1, 1973. Na Agosti 1972, mwaka ule ule wa albamu ya kwanza, Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda; wapatao 28,000 waliingia Uingereza, na vyama vya kibaguzi vikapata mtaji. Rangi ya ngozi ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza, na si kwa uzuri.

Lakini sitaki kusema kila kitu ni rangi, kwani hesabu haikai sawa. Eddy Grant, mzaliwa wa Guyana kama Patterson na Scipio, alifika namba moja mwaka 1968 akiwa na The Equals. The Foundations walikwisha kufika mwaka mmoja kabla. Osibisa, Waghana na Wakaribi wa London, waliingia chati ya albamu mwaka 1971. Na upande wa pili, Average White Band, Waskoti weupe, walitoa "Pick Up the Pieces" mwaka 1974, Uingereza ikaipuuza. Ilipofika namba moja Marekani Februari 1975 ndipo nyumbani wakaigundua.

Ukiiangalia orodha hiyo kwa makini utaona mantiki. The Equals na The Foundations waliuza pop ya dakika tatu yenye kiitikio. Osibisa waliuza taswira: Afrika, mavazi, tembo wenye mabawa kwenye jalada lililochorwa na Roger Dean. Reggae ya Jamaica ilikuwa na kampuni yake, Trojan, na wateja wake. Mweusi wa London aliruhusiwa kuwa Mmarekani wa kuigiza, Mjamaika wa kuagizwa, au Mwafrika wa tamasha. Cymande walikuwa weusi wa London, basi. Nchi ilikuwa haijatengeneza rafu ya kitu hicho, kwa kuwa haikuwa imekubali kwamba kitu hicho kipo.

Kuna kichekesho kimoja kinachouma. Septemba 1973 ulifunguliwa ukumbi wa dansi wa Wigan Casino, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Vijana weupe wa viwandani na migodini walisafiri mwendo mrefu kila wikiendi kwenda kucheza hadi asubuhi, na walichochezea ni santuri za soul za Marekani za miaka ya 1960, hasa zile zilizofeli, ambazo nakala zake zilikuwa chache. Walizitafuta kama lulu. Katika nchi hiyohiyo, mwaka huohuo, kulikuwa na bendi nzima ya soul iliyo hai, imetoka Harlem juzi, inatafuta pa kupigia. Mapenzi yao kwa muziki wa weusi hayakuwa ya uongo. Yalipenda tu kitu kikiwa mbali na kimekwisha kufa.

Albamu ya pili, Second Time Round, ya 1973, siipendi kama wengi wanavyoipenda. Ina nyakati nzuri, ila inasikika kama bendi iliyoambiwa irudie yaliyouza. Ya tatu, Promised Heights, ya 1974, ndiyo kilele chao cha utunzi. Sauti ya Jimmy Lindsay imeingia, na "Brothers on the Slide" ina kila kitu ambacho redio ingetaka: mwendo wa haraka, kiitikio, vyombo vya kupuliza vinavyokata kama wembe. Wanaosema Cymande hawakujua kutengeneza singo hawajaisikia. Humo humo kuna wimbo uitwao "Sheshamani", kwa jina la ule mji wa kusini mwa Ethiopia ambako Haile Selassie alitenga ardhi kwa weusi wa ughaibuni wanaotaka kurudi. Hata vilele walivyoviota vilikuwa mahali pa kukaa, si umaarufu.

Wakati albamu hiyo inatoka, Uingereza ilikuwa imepita majira ya baridi ya giza: bei ya mafuta imepanda, migodi imegoma, viwanda vinafanya kazi siku tatu kwa wiki. Bendi ya watu wanne yenye gari dogo inaweza kuvumilia. Bendi yenye safu ya saksafoni, tumba, waimbaji na vyombo vyote hivyo haiwezi, kwa sababu kila onyesho linagawanywa mafungu mengi kabla ya petroli. Hapakuwa na ugomvi mkubwa wa kusimuliwa wala kifo cha kusikitisha. Waliacha. Nyimbo zilizobaki zikatoka mwaka 1981 kwa jina Arrival, jina la ajabu kwa albamu ya watu waliokwisha kuondoka.

Patterson na Scipio wakaenda kusomea sheria, wakawa mawakili.

Wakati wao wanasoma vifungu, santuri zao zilikuwa zinafanya kazi bila wao. Agosti 11, 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, alipiga muziki kwenye sherehe ambayo sasa huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa ya hip-hop. Ujuzi wake ulikuwa kuitafuta ile sehemu ya wimbo ambapo wote hunyamaza isipokuwa ngoma na besi, kisha kuirudiarudia kwa nakala mbili za santuri moja. Utaona mara moja kwa nini "Bra" iliingia katika masanduku ya ma-DJ wa New York. Cymande walikuwa wameirekodi ile nafasi tupu, ikisubiri mtu wa kuirefusha. Na mlezi wa ufundi huo alikuwa naye mtoto wa Karibi aliyehamia ugenini, ila yeye alihamia upande wa bahari wenye uani.

London ilichelewa zaidi ya muongo. Katikati ya miaka ya 1980 redio za kiharamia, Kiss FM kabla haijapata leseni ikiwa mojawapo, zilivunja ule mlango mmoja. Norman Jay, mtoto wa wahamiaji kutoka Karibi, alikuwa na kipindi humo kilichoupa jina mkondo mzima wa kufufua funk iliyosahauliwa: rare groove. Kwenye maghala matupu yaliyogeuzwa kumbi, "Bra" na "Brothers on the Slide" zikawa nyimbo za taifa la vijana ambao walikuwa watoto wachanga zilipotoka. Redio ya uani ilipopatikana, wasikilizaji wakaonekana papo hapo. Mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Baada ya hapo ikaja kusampo, kama wanavyosema vijana wa studio zetu. De La Soul waliichukua "Bra" wakaitia katika "Change in Speak" mwaka 1989. Masta Ace akachukua "The Message" mwaka 1990. MC Solaar, mzaliwa wa Dakar aliyekulia viungani mwa Paris, akaichukua hiyohiyo mwaka 1991 kwa "Bouge de là", na Ufaransa ikapata mojawapo ya nyimbo zake za kwanza za rap kuvuma kweli. Fugees, wawili kati yao wakiwa na asili ya Haiti, wakaitumia "Dove" katika wimbo uliobeba jina la albamu yao The Score ya mwaka 1996. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, na kinachonigusa ni ramani: Guyana hadi Balham, Balham hadi Bronx, kisha Senegal na Haiti zinapitia Paris na New Jersey. Bendi ambayo nchi yake haikujua iiweke wapi iliwekwa na kila mhamiaji mahali pake.

Sampo ina hesabu zake. Katika siku za mwanzo watu walichukua tu. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilimwadhibu rapa Biz Markie kwa kutumia wimbo wa mwingine bila ruhusa, na tangu hapo kila kipande kikawa cha kuombwa na kulipiwa. Makubaliano ya zamani yalikuwa ya ovyo kiasi kwamba albamu za mwanzo za De La Soul hazikuweza kuingia katika huduma za muziki mtandaoni hadi Machi 2023. Si kwamba Patterson na Scipio walisomea sheria kwa kuliona hilo mbeleni. Walisoma kwa sababu watu hula. Lakini kati ya wote waliopigiwa besi zao na wengine, ni wachache walioweza kuusoma mkataba kwa jicho la wakili.

Spike Lee alitumia muziki wao katika filamu Crooklyn ya 1994, na tena katika 25th Hour ya 2002. Mwaka 2015, bendi ikiwa imerudi pamoja, wakatoa A Simple Act of Faith, albamu ya watu wazima wanaojipima upya. Mwaka 2022 mwongozaji Tim MacKenzie-Smith alitoa filamu ya maisha yao, Getting It Back, ambayo ni nzuri ijapokuwa nayo inaipenda mno ile sentensi ninayoichukia. Januari 2025 wakatoa Renascence, na humo yumo Jazzie B wa Soul II Soul. Huyo ndiye aliyethibitisha mwaka 1989 kwamba weusi wa London wanaweza kuuza soul yenye lafudhi ya London, wakafika namba moja kwao na kupanda juu Marekani. Alikuja na kitu ambacho Cymande hawakuwa nacho: mfumo wake mwenyewe wa spika, duka lake, usiku wake wa klabu. Alijijengea uani kwanza, ndipo akarekodi.

Ukitaka kuwaanza, usianzie kwa "Bra", ambayo pengine umekwisha kuisikia kwa jina la mtu mwingine. Anza na "Dove", yote, dakika zake karibu 11, usiku, bila kuirusha mbele. Na tafadhali usitumie spika ya simu. Besi ya Scipio haimo humo.